Mashati Mawili ya Kipimo Kimoja

Masasi, Jumapili ya kwanza ya Julai, 2025. Huu ni mwaka wa arobaini na tano tangu niondoke Kharumwa.

Kulwa kaka yangu,

Ulitangulia kuzaliwa, ukatangulia na kuondoka, na mimi hata barua hii nimechelewa kuiandika. Imenichukua miaka miwili tangu tulipokuzika. Kilichonisukuma ni simu ya Shija. Unamjua dada yetu mdogo, hana mzunguko. Alinipa shikamoo, akamuulizia Mama Neema wangu, akaulizia korosho, kisha akasema: "Kaka Doto, chumba cha Kulwa tumekipaka rangi. Rudi nyumbani. Uishi hapa, na siku yako ikifika ikukute hapa."

Nikamwambia anipe muda wa kufikiri.

"Muda?" akasema. "Si umepewa miaka arobaini na tano?"

Nikamwambia jibu nitaliandika. Lakini kwa kuwa anachoniomba ni kuja kukaa mahali pako, nimeona wewe ndiye wa kujibiwa kwanza. Kisha Shija na wanao wasome, na yeyote mwenye ndugu anayeugua ini kama ulivyougua wewe asome pia. Ndiyo maana naiacha wazi.

Nianze na mizani, kwa sababu ndiyo iliyotudanganya.

Unakumbuka kwetu mapacha hawapunjani. Ukipewa kanga wa kuchinja, nami nitafutiwe kanga. Ukichapwa, na mimi najiandaa. Mama aliamini kwamba pacha akipunjwa atanuna na kurudi alikotoka, na hofu hiyo hakuimaliza hata tulipoota ndevu. Msimu wa pamba ulipofunguliwa alitupeleka kituoni, akamwomba karani atuweke kwenye gunia mmoja mmoja na kututundika kwenye ndoano kama robota. Alikuwa hajui kusoma namba, lakini alijua kusoma uso wa karani. Mmoja akionekana mwepesi, basi jioni hiyo bakuli lake la matobolwa lilijazwa zaidi, ile michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa ikalainika, na karanga juu yake. Mwepesi nilikuwa mimi karibu kila msimu. Wewe ulikuwa ukinichungulia nikila, unasema, "Mwaka ujao nitajikojolea kabla ya kupimwa." Nami nilikuogopa, maana ungeweza kweli.

Kisha ukaenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, nami nikaenda chuo cha ualimu, na Serikali ikanileta huku kusini kufundisha baiolojia watoto ambao hawajawahi kusikia Kharumwa iko wapi. Nilioa huku, nikajenga huku. Nilikuja nyumbani kila nilipoweza, na kila nilipokuja nilikukuta na vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kwenye nyusi, huku ukiniambia duara lako liko karibu kutema. Duara, wasiojua, ni shimo la wachimbaji, na kutema ni kutoa dhahabu. Lako lilikaa karibu kutema kwa miaka mingi mno, na sikumbuki siku uliyolisema kwa huzuni.

Mwaka niliostaafu ndio nilioamua kuja kukaa muda mrefu. Nilipitia kwa fundi wangu hapa Masasi, nikachagua kitenge cha buluu chenye maua ya njano, nikashonesha mashati mawili. Fundi alinipima mimi peke yangu. Akauliza la pili ni la nani, nikamwambia la ndugu yangu. "Yeye simpimi?" Nikamwambia, "Umeshampima."

Ulifika nyumbani siku mbili baada yangu, juu ya pikipiki, na tumbo lako lilikuwa limetangulia. Vijana waliokuwa wakicheza bao pale njiapanda walisimama.

"Bosi Kulwa! Duara limetema nini? Tumbo hilo si la michembe."

"Limetema," ulijibu, "ila mimi bado sijaonyeshwa."

Kila mtu alifurahi, na mimi nikiwa mmojawao. Machimboni mtu mwenye kitambi ni mtu aliyefika. Mama, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa yamebaki ya kutofautisha mwanga na giza, alisikia habari za tumbo hilo na papo hapo akaingiwa na wasiwasi wake wa siku zote. Kama Kulwa amenenepa, basi Doto amepunjwa. Asubuhi yake tukampakia kwenye pikipiki, sisi tukatembea nyuma yake, wazee wawili wenye mvi, tukaenda kupimwa kituo cha pamba.

Ndoano na gunia havikuwepo tena. Kulikuwa na mizani ya bapa inayowaka namba nyekundu, na kijana mmoja anayetafuna muwa.

"Bibi," akasema, kana kwamba anapanga madaraja ya pamba, "hawa wazee tuwaandike safi au fifi?"

"Wote safi," Mama akamjibu. "Acha maneno, pima."

Tulipishana kwa kiasi kidogo mno, hata yule kijana alisema viatu vyako ndivyo vilivyozidi. Mama akashika kifua. "Wabeja," akasema, akimshukuru kijana, akimshukuru Mungu, sijui nani zaidi. Alirudi nyumbani akiimba. Nakumbuka mimi na wewe tulitembea nyuma tukicheka, na njiani ulisimama mara kwa mara ukisema unataka kutazama mashamba ya watu.

Jumapili tukavaa mashati yetu kwenda misa. Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Shati langu lilinikaa. Lako halikufunga vifungo vya tumboni, na wakati huohuo mabega yake yalikuwa yamekuangukia nusu ya njia kuelekea viwiko. Mikono yako ilikuwa ndani ya ile mikono ya shati kama michi miwili iliyotiwa kwenye magunia. Kitambaa kimoja, kipimo kimoja, fundi mmoja. Nilikutazama kwa nyuma nikaona shingo yako imechimbika pande mbili, na penye misuli juu ya mabega palikuwa na mifupa tu. Nikajiuliza kilichotulinganisha kwenye mizani ni nini.

Mama hakuona, lakini alipokuwa anashika mkono wako ili umsindikize hadi benchi, aliteremsha kiganja, akapandisha, akazungusha vidole juu ya kiwiko.

"Huu mkono wa nani?"

"Wangu, mayu."

"Wako umekwenda wapi?"

Ulimwambia ni uzee. Akanyoosha mkono mwingine akanitafuta mimi, akanishika palepale juu ya kiwiko. Tukamfikisha benchini ametushika hivyo wote wawili. Tulipofika nyumbani alitoa amri moja tu: Doto, mpeleke ndugu yako hospitali, na asirudi hapa mpaka waseme.

Tulipanda basi la kupitia Kahama kwenda Shinyanga, kwenye hospitali moja ya misheni. Pale mapokezi dada wa faili alitutazama, akanionyesha mimi kiti.

"Mgonjwa akae hapa."

"Mpokee vizuri," ukamwambia. "Huko kusini wanamlisha korosho tu."

Dada wa watu akaanza kuniandika. Tulimwacha aandike hadi alipouliza umri wa anayemsindikiza, ndipo tukacheka wote watatu. Halikuwa kosa lake. Mimi nilikuwa mwembamba kama siku zote, wewe ulikuwa na tumbo la mwenye nafasi. Nchi nzima ingemchagua mgonjwa kwa namna ileile.

Daktari alichukua damu, akakupitisha kwenye kipimo cha tumbo, akatueleza kwa upole. Virusi vya homa ya ini vilikuwa ndani yako kwa miaka mingi, labda tangu ujana. Ini lilikuwa limejaa makovu, limekakamaa, na maji yalikuwa yameanza kukaa tumboni. Makovu hayafutiki, alisema, lakini virusi vinazuilika kwa kidonge cha kila siku, na mtu anaweza kuishi na ini la namna hiyo akilitunza. Familia nzima ikapimwa. Mimi sikuwa navyo, Shija hakuwa navyo, wanao pia salama, tukachanjwa. Nilidhani tumemaliza. Daktari akasema bado, akatutuma chumba cha mwisho cha ukumbi ule, kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba ambaye kila mtu alimwita Sista Milembe ingawa hakuwa mtawa.

Chumba kile nakiona hadi leo. Kiti cha mbao kisicho na mikono, utepe wa kupimia, koleo dogo la plastiki, na kidude cha chuma chenye mshale. Milembe alikutazama, akanitazama mimi, akaweka kalamu chini.

"Mapacha kabisa?"

"Huyu ni nakala," ulisema. "Halisi ni mimi."

"Uzito wako, mzee?"

"Sawa na wake."

"Nani kasema?"

"Mama."

Alicheka, lakini hakutucheka. "Mama hakukosea, na mizani haikukosea. Ila mizani inasema uzito tu, haisemi ni uzito wa nini. Hapo tumboni umebeba ndoo ya maji. Hiyo tuitoe kichwani mwetu. Sasa tutafute misuli."

Akatuambia tuvue mashati. Alipima kutoka ncha ya bega hadi kiwiko, akaweka alama ya kalamu katikati, akazungusha utepe hapo. Kisha akabana ngozi ya nyuma ya mkono kwa lile koleo, ili mafuta yaliyo chini ya ngozi asiyahesabu kama nyama. Alifanya kwako, akafanya kwangu, akarudia kwako. Nikauliza, kwa ualimu wangu, kwa nini hapimi na mashavu ya miguu. Akabonyeza mguu wako kwa kidole gumba, akakitoa, na shimo likabaki palepale likitutazama. "Miguu yake nayo ina maji," alisema. "Itanidanganya kama tumbo." Akaongeza kuwa kwenye hospitali kubwa ipo picha inayomkata mtu kiunoni kama mkate na kuonyesha misuli ya mgongo ilivyo, lakini kwa siku ile hakuihitaji. "Kwa wagonjwa wengine nabaki kukisia mtu alikuwaje kabla hajaugua. Leo nimeletewa."

Nilielewa kwamba anazungumza juu yangu.

Ukapewa kile kidude cha mshale ukikamate kwa nguvu zako zote. Mshale ulisogea kidogo, ukakaa.

"Sista, hiki kimeharibika."

"Mpe ndugu yako."

Nilipokiminya mshale ulikwenda mbali, na niliona aibu kama mtu aliyekuibia.

"Huyo ni mwalimu," ulisema upesi. "Amezoea kushika fimbo."

Baada ya hapo ilikuja zamu ya kiti. Alikuomba ukunje mikono kifuani, usimame, ukae, usimame tena, bila kujishika popote. Ulitazama kile kiti kwa dharau. Ulikuwa umeingia na kutoka kwenye mashimo ya Rwamgasa kwa kamba, na huyu binti anakuletea kiti. Ukainama mbele, ukajisukuma, na mwili haukuinuka. Ukajaribu tena. Mara ya tatu mikono yako ilijifungua yenyewe, ikashika magoti, ndipo ukasimama.

Ulikaa, ukajifuta uso kwa kiganja. Mzaha ulikuishia wote.

"Sista," ulisema, "kufa nitakufa kama watu wote. Utakachoniambia nifanye nitafanya. Ila sitaki kufika mahali pa kunyanyuliwa. Kunyanyuliwa kitandani, kunyanyuliwa chooni. Hilo ndilo nakuomba."

Tangu dakika hiyo, Kulwa, sikuwa na jambo lingine duniani.

Milembe akavuta kigoda, akakaa chini kuliko wewe. Akaeleza kwamba ini zima huweka akiba ya chakula, na mtu akilala mwili unaichota humo hadi asubuhi. Ini lako halikuwa na pa kuweka akiba. Kwa hiyo ukilala na njaa, kabla hakujacha mwili unaanza kujila misuli yake. Tena misuli ni msaidizi wa ini, inasaidia kuondoa sumu kwenye damu. Ikiisha, hata akili inaanza kupotea njia.

"Unakula nini?"

"Ugali na mlenda. Jioni sili, nalipumzisha ini."

"Samaki? Mayai? Maziwa, maharage?"

"Nimekatazwa."

"Na nani?"

"Watu."

"Watu gani, mzee?"

"Watu wa Rwamgasa."

"Wana cheti?"

"Wana huruma."

Hapo hata yeye alishindwa kujizuia. Lakini alipomaliza kucheka alisema polepole, neno kwa neno, kwamba huruma ile ndiyo iliyokuwa inakumaliza mikono. Kula samaki, kula mayai, kula maharage, kunywa maziwa. Punguza chumvi, pombe usiiguse kabisa. Kula kidogo kidogo mara nyingi, kula kabla ya kulala, na ukiamka usikae na tumbo tupu. Na kila siku, kiti.

Tulirudi nyumbani na agizo lile, na Mama akalisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mama mwingine angeuliza: "Na Doto anakula nini kabla ya kulala?"

Nikamwambia mimi si mgonjwa. Akasema hajauliza hilo. Tangu siku hiyo mabakuli yalitoka mawili. Ukiletewa uji wa karanga na yai, na mimi naletewa. Ukiletewa sato, na mimi sato. Shija alikuwa akiyaweka mbele yetu akisema, "Kuleni, wagonjwa wangu," na ole wake anayebakiza, maana Mama alipapasa mabakuli yote mawili kwa kidole. Nilikuja kutambua baadaye kwamba bila mimi usingekula. Ulikuwa umeingiwa na woga wa chakula. Ulikuwa unasubiri nimeze ndipo umeze.

Kila asubuhi kiti kilitolewa uani. Mimi nilikaa kwenye changu, wewe kwenye chako, tukatazamana, tukainuka pamoja. Mwanzoni nilikuwa nainuka nakuacha chini. Mama alikaa kwenye mkeka wake akichambua nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na kusikiliza.

"Umeshika magoti."

"Sijashika, mayu."

"Nimesikia viganja."

Hakuona chochote lakini hukuweza kumwibia hata mara moja. Ukarudia. Baadaye tukaongeza kutembea, kwanza kuzunguka zizi, kisha hadi kisimani, kisha hadi njiapanda ambako wale vijana wa bao walikuuliza tumbo limekwenda wapi. Ukawaambia umelihamishia kwa mwalimu. Ilikuwa kweli, kaka. Dawa ya kukojoa ilikuwa imekupunguza maji, na mimi, kwa kula chakula cha mgonjwa nisiye mgonjwa, nilikuwa nimeota kitambi cha haki. Lile shati la maua lilinibana mimi sasa.

Tulikaa hivyo hadi watu walipoanza kuchoma visiki vya pamba na kuandaa mashamba. Tukarudi kwa Milembe. Alipima mikono kwa utepe, akabana kwa koleo, akaandika. Mshale ulisogea zaidi ya mara ya kwanza, haukunifikia mimi, lakini ulisogea. Kisha akakuonyesha kiti. Ulikunja mikono kifuani kama padri anayesubiri waumini wanyamaze. Ukainuka. Ukakaa. Ukainuka tena na tena, hadi akakwambia inatosha.

"Sijashika, Sista. Umeona?"

"Nimeona, mzee. Hukushika."

Ulitoka nje, ukaenda nyuma ya jengo, ukasimama ukitazama ukuta. Sikukufuata. Niliona mabega yako yanatikisika nikajua unalia, na nilifurahi kwa sababu mabega yenyewe yalikuwa yameanza kurudi.

Mama naye ilibidi apelekwe kwenye mizani, hakukubali maneno matupu. Safari hii tulipishana sana, wewe chini, mimi juu. Akashtuka. Ukampigia magoti ukamwambia, "Mayu, nilichopungua ni maji. Nyama imeongezeka." Akanipapasa tumbo.

"Basi Doto apunguze chake."

Jioni ile bakuli langu lilikuja nusu, na nilirudi Masasi kabla sijafa njaa.

Kaka, sitaandika hapa miaka yote iliyofuata, ingawa ndiyo ninayoipenda zaidi. Ulilima. Ulimzika Mama kwa mikono yako, ukiwa umeshika jembe mwenyewe, nami nikiwa kando yako. Ulimwona Maduhu, mwanao wa kwanza, akioa, na ulisimama ibada nzima. Rwamgasa ulirudi mara moja tu, kwenda kuwaambia wale wenye huruma wakale samaki. Nasikia uliwavulisha watu mashati mbele ya mwalo wa kuoshea dhahabu ili uwatazame mabega. Wawili kati yao walienda kupimwa kwa sababu hiyo.

Hata ugonjwa ulipokurudia, haukukushtukiza. Ulinipigia simu ya picha, ukasema, "Vua shati." Tukaweka mikono yetu mbele ya simu, wewe huko, mimi hapa, Mama Neema akinishikia simu huku akituambia tumerukwa na akili. Wako ulikuwa umepungua tena. Lakini na wangu, Kulwa, bila ugonjwa wowote, ulikuwa umepungua kwa uzee wake. Uliitazama ile mikono miwili kwa muda mrefu.

"Tumelingana," ulisema. "Mama angefurahi."

Ulikuwa unacheka kweli. Na Shija ameniapia kwamba hadi juma la mwisho ulikwenda uani kwa miguu yako, ukishika ukuta, humtaki mtu. Siku mbili ulizobebwa hukujua kwamba unabebwa. Hilo uliloomba pale kwenye kiti ulilipata karibu lote, na sioni wengi wanaopata kiasi hicho.

Sasa nifike kwenye swali la Shija.

Siku ya mazishi yako niliposhuka kwenye gari, mjukuu wako wa mwisho alinikimbilia akaniita babu, akapanda kwenye mapaja yangu akalala. Hakuna aliyemwambia kitu. Watu wazima walinitazama, kisha wakatazama pembeni. Maduhu alinishika mkono juu ya kiwiko, akauminya, akashindwa kuuachia. Juzi, baada ya simu ya shangazi yake, na yeye akanipigia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Uje, baba mdogo. Ukiwa hapa tutakuwa tunaona baba angekuwaje."

Alilisema kwa upendo, na nimelibeba kwa upendo. Lakini nimelifikiria kila asubuhi ninapokaa kwenye kiti changu cha mbao hapa barazani, maana zoezi letu sijaliacha. Nilikuwa kipimo chako ulipokuwa hai, na hakuna kazi niliyoifanya maishani, hata ualimu, niliyoipenda kama hiyo. Nilikuonyesha ulipotoka, ukapaona, ukainuka kuelekea huko. Kwa mtu aliyekwisha kuondoka, kipimo hakina pa kumpeleka. Wanao wakinitazama nikiinuka, watahesabu miaka ambayo wewe hukupewa. Nikianza kuinama, watakuona wewe ukiinama. Siku ikinifika, watafiwa na baba mara ya pili, na safari hii pasipo wewe mwenyewe kuwachekesha. Yule mjukuu sasa amekua, anajua babu yake yuko wapi. Nisimrudishe nyuma.

Tena, kaka, ni lazima niseme na hili, nisije nikaonekana najitoa mhanga. Niko vizuri. Mikorosho imeanza kutoa maua, na asubuhi harufu yake inaingia hadi kwenye vitabu vyangu. Mama Neema bado ananigombeza kwa lafudhi ya Kimakua niliyoichukua vibaya. Wanafunzi wangu wa zamani wana mvi na bado wananiamkia. Parokiani juzi walikuwa wakimpongeza mzee mmoja kwa kitambi, nikamwomba anipe mkono, nikaushika juu ya kiwiko, na sasa yuko kwenye dawa. Miguu yangu inapanda mlima hadi kanisani bila kupumzika. Nguvu iliyobaki ndani yake naona ni ya kutembelea hukuhuku. Nyumba tuliyozaliwa imegeuka mashimo ya wachimbaji, chumba anachonipa Shija ni chumba chako, na Kharumwa ninayoikumbuka inahitaji wewe uwe umekaa kiti cha pili.

Shija mdogo wangu, ukisoma hapa usikasirike. Chumba mpe Maduhu, aweke watoto. Nanyi wanangu, mwendelee kupima damu kila mtakapoambiwa, na mle kabla ya kulala hata kama hamuumwi, kwa kumbukumbu ya bibi yenu.

Kulwa, pumzika. Nimekaa na wewe asubuhi nzima na sina huzuni. Niliondoka Kharumwa nikiwa kijana, nikarudi uliponihitaji, na hilo lilitosha kuwa kurudi kwangu. Sitarudi tena.

Mdogo wako, pacha wako,
Doto